Kopo la Juu ya Boriti

Jumanne, 7 Mei

Mvua tangu alfajiri. Kofia mbili za watu zinanisubiri, sijagusa hata moja. Nimeshika mswaki mkuukuu, namsugua mgeni wangu mpya. Kijitu cha plastiki, uso wa kijani, joho jekundu, kidole kimoja kimenyooshwa kama anayetoa amri. Nimekipata jana sokoni Mwanakwerekwe, kwenye lundo la vidude vya mtumba, chini ya vigari visivyo na magurudumu. Muuzaji kaniuliza mtoto wangu ana miaka mingapi. Nikamwambia mitano. Sina mtoto.

Kukikausha. Kukifunga kwa kipande cha bafta, kitambaa cheupe kinachobaki kwenye ushonaji wa kofia, uzi huku na uzi huku, kama peremende. Ndani ya kopo la biskuti, pamoja na wenzake. Punje za karafuu maiti juu yake, mende wasisogee. Bila ya hivyo, masika plastiki inaota ukungu, inanata, rangi inatoka. Kisha kopo juu ya boriti, chini ya bati. Napanda kiti chumbani kwangu nalisukuma mpaka linavuka ukuta, maana ukuta haufiki kwenye bati. Upande wa pili ni juu ya kitanda cha Bi Zuwena, mama mkwe wangu. Ndipo pakavu pekee katika nyumba hii.

Lazima vifichwe. Bi Zuwena hataki masanamu nyumbani, anasema malaika hawaingii. Hata picha ya harusi yetu imo kabatini, chini ya mashuka. Suleiman mume wangu anajua kuhusu kopo. Anacheka tu, anasema kaoa mtoto. Yuko Pemba kwenye ujenzi.

Mkono wa kushoto wa Bi Zuwena bado. Tangu kiharusi cha mwezi wa Shaabani haunyanyuki. Nimeukanda kwa mafuta ya habasoda. Kaniuliza kwa nini vidole vyangu vinanuka karafuu maiti. Nimesema nilikuwa napanga nguo.

Alhamisi, 9 Mei

Panavuja. Juu ya kitanda cha Bi Zuwena hasa. Godoro limerowa, msala wake wa kusalia umerowa. Kumbe pakavu pangu nimepasifu mapema.

Rukia, dada yake Suleiman, kahamishia mgonjwa chumbani kwangu. Hakuniuliza. Huyu wifi yangu haulizi, anatangaza. Keshamwita fundi wa bati, anakuja Jumamosi. Na yeye mwenyewe kakaa kitako pembeni ya mama yake kutwa nzima, kwenye kiti kile kile ninachopandia.

Nimeingia mara kadhaa kwa visingizio. Nimechukua sindano. Nimechukua mkasi. Nimerudisha mkasi. Kopo naliona, ukingo wake unachungulia penye boriti ya tatu. Rukia kaniuliza natazama nini juu. Nikasema mjusi.

Hofu yote hii kwa jambo la kipuuzi. Likionekana nitasutwa, nitaambiwa mtu mzima anacheza na midoli. Basi. Nitaona haya wiki moja.

Jumamosi, 11 Mei

Si wiki moja. Si haya.

Fundi kafungua bati mbili. Kisha kaita watu wa nyumba. Kashuka na kopo kalishika kwa ncha za vidole, kaliweka mlangoni, kaomba maji ya kunawa. Kifuniko kilikuwa kimeshafunguka.

Harufu ya karafuu maiti ilijaa chumba kizima. Ndani yake vimelala kimoja kimoja, vyeupe, vimefungwa kichwani na miguuni. Nilikuwa mlangoni, nyuma ya Rukia, na kwa mara ya kwanza niliviona kama wanavyoviona wao. Muda wote huu mimi nafunga peremende. Leo nimeona sanda. Nimeona maiti wadogo, wamewekewa dawa yao ya maziko, wamelazwa juu ya kichwa cha mgonjwa.

Rukia kataja jina la Mwenyezi Mungu, kachukua mkasi, kakata uzi wa cha kwanza. Kati ya vyote vya kopo zima, mkono wake ulikwenda kwa kimoja cha zamani, msichana wa nywele za buluu. Hana mkono wa kushoto.

Bi Zuwena alikuwa ameketi kitandani kwangu. Polepole kachukua mkono wake mbovu kwa ule mzima, kaupakata kifuani kama mtoto mchanga.

Nikaona ni heri nimalize. Nikasema, "Vyangu hivyo. Vya kuchezea tu, nnavikusanya."

Nilidhani watacheka. Nilikuwa hata nimeshaanza kucheka mwenyewe.

Rukia kamgeukia mama yake. "Umesikia, mama? Kakiri kwa kinywa chake."

Fundi kaondoka bila ya kurudisha bati. Mvua imeingia mpaka jioni. Hakuna aliyeweka hata ndoo.

Jumapili, 12 Mei

Nimepika ndizi kwa nazi. Rukia kazimwaga uani mbele yangu. Paka kazinusa, naye kaondoka. Hata paka.

Jirani kaja kumjulia hali mgonjwa. Muda wote alikuwa anatazama mikono yangu. Alipokuwa anashuka ngazi nilimsikia anasema, si Mtumbatu yule? Rukia kajibu, Mtumbatu hasa.

Nyumbani, kisiwani Tumbatu, tulikuwa tunacheka yanayosemwa mjini juu yetu. Kwamba tunawaroga watu wasione njia, kwamba tunafunga mvua. Mama alikuwa anasema, laiti ningejua kufunga mvua ningelifunga hili bati langu linalovuja. Leo sioni cha kuchekesha.

Nimempigia Suleiman. Mwanzo alicheka, nikapumua. Kumbe Rukia alikuwa ameshampigia kabla yangu. Kisha Suleiman akaniuliza, "Kwa nini uliviweka juu ya mama?" Nikasema palikuwa pakavu. Nikajisikia mwenyewe jinsi jibu lilivyo dogo. Kila ninalolisema ni kweli na kila kweli inaninyonga.

Kopo liko uani. Wamelifunika kwa beseni la kufulia, juu ya beseni jiwe. Nguo hazijafuliwa.

Naogopa. Nitaachwa. Sijui nitakwenda wapi. Nyumba ya mama anakaa kaka na mkewe na watoto, na mke wa kaka hanipendi hata nikiwa mgeni wa siku moja.

Jumatatu, 13 Mei

Rukia kaniuliza leo, bila ya ukali, na hilo limenitisha zaidi. "Hebu nambie, wewe. Vya nini?"

Ningekuwa muongo ningekuwa na jibu.

Niko kwenye kundi la simu la watu wenye ugonjwa huu. Hatujuani sura. Kila siku tunatumiana picha: huyu nimempata, huyu ninaye wawili, nani anaye mwenzake. Leo nikawauliza, jamani, kwa nini tunakusanya? Wa Tanga kasema anataka seti itimie, na ikitimia anaanza nyingine. Mmoja wa Dar kasema utotoni aliviona kwenye vioo vya maduka tu, sasa ana mshahara, nani wa kumzuia. Mwanamke wa Mombasa kaandika: nikirudi kazini navikuta pale pale nilipoviacha. Mwengine katuma uso unaocheka. Wa mwisho kaniuliza, kwani wewe huna sababu?

Nimeyasoma majibu yote mara mbilimbili, natafuta moja la kumpelekea Rukia. Hakuna hata moja linaloweza kusimama mbele ya mkono wa mama yake.

Jumanne, 14 Mei

Suleiman karudi kwa boti ya asubuhi. Kakaa kwa mama yake kwanza, na Rukia, mlango umefungwa. Mimi jikoni, nasikiliza vijiko.

Alipokuja kwangu hakuketi. Kauliza jambo moja, yule wa mkono nilimpata lini. Nikasema zamani, kabla ya Shaabani. Akauliza, "Ulimnunua hana mkono, au umevunjikia hapa nyumbani?"

Nikafungua mdomo kusema nilimnunua hivyo hivyo. Nilikuwa na hakika. Kisha hakika ikaniponyoka. Kumbe sijui. Namkumbuka hana mkono, na sikumbuki siku ya kumnunua.

Kaniona nilivyosita. Ningetukanwa ningestahimili. Huyu kanitazama kama mtu anayehesabu kitu moyoni. Mwanamume aliyekuwa ananinunulia mwenyewe, akirudi safari: haya, chukua, nimekuletea mwanao.

Kahamishia mkeka wake kwa mama yake.

Jumatano, 15 Mei

Nimekumbuka. Kopo liliwahi kuanguka. Nilikuwa juu ya kiti, likaniteleza, nikaokota upesi nikalirudisha bila ya kufungua kitu, kwa sababu Bi Zuwena aliniita na nikamjibu labeka.

Sikumbuki aliniitia nini. Sikumbuki ulikuwa mwezi gani. Rajabu? Shaabani? Nakaa nakuna kichwa mpaka kinauma.

Ni plastiki. Imetoka kiwandani, mashine imezimwaga maelfu kwa maelfu. Ingekuwa uchawi, kila aliye naye duniani mama mkwe wake angepooza.

Nimeandika hivyo, halafu nimekwenda uani kuchota maji. Nimelizunguka lile beseni kwa mbali. Mimi niliyewasugua kwa mswaki.

Alhamisi, 16 Mei

Kesho baada ya sala ya Ijumaa anakuja Maalim aliyewasomesha Suleiman na Rukia utotoni. Atakalosema ndilo litakalokuwa. Rukia kaniteremshia begi langu kutoka juu ya kabati, kaliacha mlangoni, tupu, zipu wazi. Suleiman kalipita mara mbili. Hakulirudisha.

Maalim ataniuliza vya nini. Basi nijiulize mimi kabla.

Wa kwanza nilimwokota ufukweni Tumbatu, nina miaka saba au minane. Kichwa tu, hakina mwili, maji yamekitupa pamoja na mwani. Macho makubwa, nywele za mviringo. Nilikaa nacho mpaka kikapotea, nikalia, mama akanipiga kwa kulilia taka. Miaka ikapita. Mama akafa. Nikaolewa mjini. Siku moja Mwanakwerekwe nakwenda kutafuta uzi, nikamwona kwenye lundo. Yule yule. Macho yale yale, nywele zile zile, na sasa ana mwili na miguu na viatu. Nikasimama pale katikati ya watu. Nilimnunua bila ya kupatana bei.

Tangu hapo siwezi kupita lundo bila ya kuinama. Kitu kilichotengenezwa maelfu hakipotei moja kwa moja. Ukikikosa hapa utakiona kwengine. Mama yangu alikuwa mmoja tu.

Ndilo jibu. Sasa nalijua. Nalo siwezi kulisema mbele ya Rukia hata kwa kisu.

Ijumaa, 17 Mei

Imekwisha, au nilidhani imekwisha.

Maalim kaketi sebuleni, kahawa pembeni, kopo mbele yake juu ya gazeti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole, na upole huo karibu univunje. Bi Zuwena kaletwa, kakalishwa kwenye kiti na mito. Rukia kaeleza yote. Sanda, dawa ya maiti, juu ya kitanda, mkono. Kaeleza vizuri. Hakuongeza hata neno. Hata mimi nilishawishika.

Maalim akafungua kimoja, kisha kingine. Kavigeuza miguu juu, kasoma maandishi ya kiwanda. Kaniuliza, "Vya nini hivi, mwanangu?"

Yote niliyoyaandika jana yalikimbia. Nikasema, "Nnavipenda, Maalim." Sauti kama ya mtoto aliyekamatwa na sukari.

Maalim kamnyanyua yule wa uso wa kijani, kasema mjukuu wake anaye huyu huyu, kamlilia sokoni mpaka akanunuliwa, na sasa analala naye. Hapana uchawi hapa, akasema. Kuna mtu kaogopa mende kupita kiasi. Lakini masanamu hayana mahali katika nyumba inayosaliwa, yatoke, na mimi nitafute jambo jengine la kupenda. Akamsomea dua Bi Zuwena, akanywa kahawa yake, akaondoka.

Nililia, sikujizuia. Suleiman kanishika bega, kasema yeye hakuamini tangu mwanzo. Nikaliacha lipite. Begi kalirudisha juu ya kabati.

Rukia kasema Maalim kazeeka, macho yake hayaoni vizuri. Chakula changu hakula.

Bi Zuwena siku zote hizi hajasema neno nami. Alikuwa anatazama kopo.

Jumamosi, 18 Mei

Suleiman kawasha moto uani, mafuta ya taa na vifuu vya nazi. Kasema nivitoe mwenyewe. Nadhani alikusudia wema.

Nimevifungua kimoja kimoja, kwa sababu bafta bado inafaa. Wa uso wa kijani kaingia kidole kimenyooka. Yule wa macho makubwa, wa Mwanakwerekwe, wa Tumbatu, nilimtia haraka nikatazama pembeni. Moshi mweusi, harufu mbaya. Majirani wamefunga madirisha.

Chini kabisa ya kopo, ndani ya vumbi la karafuu maiti, kidole changu kikagusa kitu. Kimkono. Cha kushoto, kidogo kama punje ya mpunga iliyorefuka, kucha zimepakwa rangi. Umevunjika ndani ya kopo langu. Umevunjikia hapa.

Nimekificha kiganjani. Hakuna aliyeona. Mwili mzima baridi, na moto ule mbele yangu.

Nilipomchukua msichana wa nywele za buluu, Bi Zuwena kaita kutoka dirishani juu. Sauti yake imepinda tangu kiharusi, lakini hili kila mtu kalisikia.

"Msimchome huyo. Mkono wangu huo."

Suleiman kamwambia, mama, Maalim keshasema. Akajibu kuwa Maalim kasema ya Maalim, lakini mkono ni wake yeye. Rukia akaona mlango umefunguka, akasema basi tukichukue tukitupe baharini, na mimi, Miza, niende kwetu. Hapo Bi Zuwena akampigia kelele mwanawe, mara ya kwanza tangu augue.

"Miza haendi popote. Akenda, nani wa kumtunza huyo?"

Basi. Ndivyo nilivyookoka. Sitaachwa, sitarudi Tumbatu. Hakuna aliyesema sina hatia. Nabaki kwa sababu naogopewa, na kwa sababu kuna kidude chenye mkono mmoja ambacho mimi ndiye ninayejua kukifuta vumbi. Nimepanda ngazi nacho.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua imekatika. Fundi mwengine karudisha bati. Nguo zimefuliwa. Rukia kala mkate, hakula mchuzi wangu, lakini kakaa kwenye jamvi pamoja nami.

Msichana wa nywele za buluu anakaa kwenye kabati la vyombo la Bi Zuwena, ndani ya kikombe. Vile vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, vya kuozea watoto wake, ambavyo sijaona hata siku moja vikinywewa chai. Kila asubuhi vinateremshwa, vinafutwa, vinarudishwa. Bi Zuwena bafta hataki tena kuiona. Kanipa kipande cha kanga yake cha kumfunikia.

Baada ya Alasiri, nilipokuwa namkanda, kauliza kama kisanamu kinaweza kutengenezwa. Nikasema gundi ipo. Kasema, fanya.

Nimekileta pamoja na kile kimkono, nimesema nilikikata kwa mwengine kabla ya moto. Nimepaka gundi kwa ncha ya sindano ya kofia. Kimeingia bila ya kupinda, hata mstari haukuonekana. Bi Zuwena kanitazama usoni, kisha kakitazama kimkono, kisha usoni tena. Anajua, au hajui.

Tumesubiri gundi ishike. Nje watu wanapita, mtu anauza kashata. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mto baina yetu, vidole vimekunjika, vinang'aa mafuta.

Yeye aliutazama mkono. Na mimi niliutazama, nione kama utanyanyuka.